Naambiwa sijui kucheki muvi, ni kweli?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi cherehani, niko Tanga, Ngamiani. Nikifunga kazi usiku hua nacheki muvi kwenye simu, nachukua kwa yule kijana anaetuwekea kwenye memori kadi, halafu asubuhi naandika maoni yangu kwenye stetasi. Mwezi huu nimecheki nne. A Quiet Place ile iliyotafsiriwa na DJ, nikaandika mbovu, haitishi, tumecheka tu na shoga yangu. Dangal ya kihindi, hiyo nimelia mpaka kesho yake nashona macho yamevimba, na mie baba yangu amefariki mwaka jana. Parasite ya kikorea ilikua tamu kweli mwanzoni ikanichefua mwishoni, nikaipa mbili kwa kumi. Na Vuta N'kuvute ya kwetu hapa, nilisinzia. Sasa mtoto wa mjomba anasoma chuo Dar amenijia juu, anasema mie sijui kucheki muvi, hizo nilizoponda zina asilimia tisini na kitu huko mitandaoni, na muvi ya DJ sio muvi, na kulilia muvi ya kihindi ni ushamba. Nimeacha kuandika wiki ya pili hii. Naomba uniambie ukweli, maoni yangu ni makosa? Na huko kulia kote kuna tatizo?"

Marahaba mdogo wangu, pole na kazi, na pole sana kwa msiba wa baba. Nimeusoma ujumbe wako zaidi ya mara moja na ninavyouelewa una maswali mawili umeyabananisha. La kwanza, mtu anaweza kukosea kuipenda muvi au kuichukia? La pili ni kulia kwako, hilo umelitupia mwishoni mwishoni kama halina uzito ila mi nahisi ndio hasa lililokufanya uandike. Ntaanza na la kwanza, la pili ntalifikia nikiwa kwenye Dangal maana liko huko huko.

Kama umecheka umecheka, hakuna msomi wa chuo chochote atakaekuja kukuthibitishia kwamba hukucheka. Hisia yako haina makosa. Lakini ukiandika "muvi mbovu" hapo umetoka kwenye habari zako umeingia kwenye habari za muvi, na ukishaingia huko lazima kwanza uwe na uhakika kwamba muvi yenyewe umeiona. Mi kazi yangu hapa Bagamoyo ni kuhariri picha na kufundisha vijana kazi hiyo, na ugomvi wa muvi ninaoamua kila siku zaidi ya nusu ni watu wawili walioangalia vitu viwili tofauti vyenye jina moja. Katika hizo nne zako, moja naona hukuiona kabisa, moja umeiona nusu, moja umeiona vizuri ukaikasirikia, na moja umeiona kuliko huyo mtoto wa mjomba.

Ambayo hukuiona ni A Quiet Place. Ya mwaka 2018, kaongoza John Krasinski ambae ndio huyo huyo anaecheza baba, na mama ni Emily Blunt, mkewe wa kweli. Stori unaijua, kuna madude hayaoni ila yanasikia, ukitoa sauti umekwisha, kwa hiyo familia nzima wanaishi kimya, wanatembea pekupeku juu ya mchanga waliomwaga njiani, wanaongea kwa ishara za mikono. Mtoto wao wa kike ni kiziwi, na aliemcheza, Millicent Simmonds, ni kiziwi kweli. Sasa kuna kitu wamekifanya pale ambacho wewe hukukisikia, kila wakituingiza kwenye masikio ya yule binti sauti inakatika, mpaka ule mvumo mdogo wa upepo na majani unapotea, unabaki na kimya chake yeye, na unajua dude linaweza kuwa nyuma yake na yeye hasikii. Haya, ichukue muvi hiyo halafu mpe DJ maikrofoni.

DJ kazi yake ni kujaza kimya. Ndio analipwa kwa hiyo. Muvi ikinyamaza dakika mbili yeye lazima aseme kitu, atamtania steringi, atamuita dude jina la mtaani, mtacheka, na nyie mmecheka kihalali kabisa kwa sababu DJ alikuwa anachekesha. Ila chukua ile sehemu ya msumari. Mama anapandisha ngazi anaburuta mfuko wa nguo, mfuko unanasa kwenye msumari, anauvuta, msumari unasimama wima kwenye ngazi. Yeye hajauona, sisi tumeuona. Kuanzia hapo kila mtu akikaribia zile ngazi wewe unakunja vidole vya miguu yako mwenyewe, na siku mama anashikwa na uchungu wa kuzaa anashuka pekupeku ndio anaukanyaga, na hawezi kupiga kelele.

Alfred Hitchcock, yule muongozaji wa zamani wa muvi za kutia wasiwasi, alikuwa na mfano wake mmoja anapenda kulielezea hili jambo. Watu wamekaa mezani wanapiga stori za kawaida, ghafla bomu linalipuka chini ya meza, mtazamaji umempa mshtuko wa sekunde 15. Lakini muonyeshe bomu kwanza, muonyeshe na saa ya ukutani, halafu waache wale watu waendelee na stori zao hizo hizo za michezo, umemtesa dakika 15 nzima, anataka kupiga kelele awaambie ondokeni hapo. Siri yote iko kwenye kujua kitu ambacho mwenye kukanyaga hajui, na ukaachwa nacho peke yako, kimya. Akitokea mtu pembeni anakusemea "hee, huo msumari, leo kuna mtu atalia", ule mzigo kakutua, mmeubeba wawili, hauumi tena. Ndio maana haikukutisha. Kwa hiyo pale ulipoandika "haitishi", ungeandika "na DJ haitishi" ningesaini chini.

Ila na huyo ndugu yako asitie chumvi. Muvi ya DJ ni muvi, ni kazi mbili zimepandana tu. Japani enzi za muvi zisizo na sauti walikuwepo watu wanaitwa benshi, anasimama pembeni ya pazia anawasemea waigizaji wote, mwanamke, mwanaume, mtoto, anaeleza na stori, na walikuwa mastaa hasa, watu wanalipa kiingilio wakamsikilize benshi fulani hata kama muvi hawaijui. Kaka yake Akira Kurosawa, yule muongozaji mkubwa wa Japani, alikuwa benshi. Hakuna profesa wa sinema anaewadharau benshi, wanaandikiwa vitabu. Sasa Lufufu aliyewajaza watu kwenye vibanda umiza vya hapa kwetu, na DJ Afro wa Kenya, wamefanya kosa gani zaidi ya wao kuwa wa kwetu? Muvi za ngumi za Hong Kong, muvi za kihindi, za kamanda mmoja anaua jeshi zima, hizo DJ anaziongezea utamu, mi mwenyewe nyingine siwezi kuzimaliza bila DJ. Inayoishi kwa kimya ndio inayokufa mkononi mwake. Mwambie kijana wa memori kadi akutafutie A Quiet Place ambayo haijatafsiriwa na usiogope kiingereza maana maneno yenyewe ni ya kuhesabu na ishara za mikono zina maandishi chini. Vaa spika za masikioni. Zima taa.

Uliyoiona nusu ni Vuta N'kuvute, na hapa ntakuwa mkweli pande zote mbili. Ni muvi ya Amil Shivji ya 2021, imetoka kwenye riwaya ya Adam Shafi ambayo wengi tumeisoma shuleni, Zanzibar ya miaka ya 1950, Yasmin amekimbia ndoa ya kupangiwa na mzee, Denge yuko kwenye harakati za kumtoa mkoloni. Ilikwenda tamasha la muvi la Toronto, Kanada, mwaka ule ule. Sasa muvi hii haikubebi kwa matukio, sio kila dakika tano mtu anapigwa au siri inafichuka. Inakubeba kwa picha, kwa rangi za kuta na kanga, kwa sura ya Yasmin ikiwa nusu kwenye mwanga nusu kizani, kwa taarabu. Wewe umeiangalia wapi? Kwenye kioo cha inchi sita, mwanga umepunguza ili chaji isiishe (usinibishie, wote tunafanya hivyo), faili limebanwa mpaka kwenye giza picha inatoa viboksi viboksi vyeusi, saa tano usiku, baada ya kushona kutwa. Hapo ni sawa na kula pilau una mafua, chakula kipo mdomoni ila kilichokifanya kiitwe pilau hakikufikii.

Na hili haliwatokei watu wa memori kadi peke yao. Mwaka 2019 ile sizoni ya mwisho ya tamthilia ya Game of Thrones ilikuwa na episodi moja ya vita ya usiku, mabilioni ya pesa, na dunia nzima kesho yake ikalalamika kwamba hawajaona kitu, giza tupu. Mpiga picha wake akajitetea kwamba watu hawajui kuseti tivii zao na intaneti inaibana picha. Watu wakamtukana. Mi naona wote walikuwa na haki, yeye kazoea kuiangalia picha kwenye kioo cha bei mbaya, watu wameangalia sebuleni taa inawaka. Kwa hiyo ukikutana na muvi ambayo kila mtu anaisifia picha na wewe unaona giza, shuku kioo kwanza. Ongeza mwanga wa simu mpaka mwisho, na ukiazima tivii ingia kwenye setingi uzime kile kitu cha kulainisha mwendo wa picha, muvi inapigwa picha 24 kwa sekunde, tivii inajitungia za kwake inazipachika katikati, ndio maana muvi ya pesa nyingi inaonekana kama tamthilia ya saa mbili usiku. Na uangalie picha isiwe imevutwa ijaze kioo mpaka watu wote wawe wanene.

Haya, upande wa pili. Ukiisafisha hali yote hiyo na bado ukaona inakwenda taratibu, basi ndio maoni yako, shikilia hapo hapo. Mi mwenyewe naona mapenzi ya Yasmin na Denge yangepewa muda zaidi wa kukua, saa nyingine tunaambiwa wanapendana kabla hatujaona wameanzaje. Kuipenda muvi kwa sababu tu ni ya nyumbani na imefika Toronto, hapo hujaisaidia sinema ya kwetu hata kidogo.

Sasa asilimia. Hapa ndugu yako kakuonea kwa kitu ambacho yeye mwenyewe hajakielewa, na sio peke yake, watu wengi hawakielewi. Ile asilimia ya Rotten Tomatoes, mtandao unaokusanya maoni ya wahakiki, sio maksi. Wanachukua wahakiki, wanaangalia kila mmoja kwenye alichoandika kwa jumla kaipenda au hajaipenda, halafu wanakupa asilimia ya walioipenda. Basi. Wahakiki 100 wote wakisema "inafaa, sita kwa kumi, sio mbaya", muvi inapata asilimia 100. Nyingine 60 waseme ni maajabu ya maisha yao na 40 waseme takataka, inapata 60. Sasa ipi ni muvi kubwa? Kwa hiyo tisini na kitu maana yake ni kwamba muvi haiwakeri wengi, haina maana ya tisini kwa mia. Na hao hao wakubwa hubadilika, The Shining ya 1980 ambayo leo kila orodha ya muvi za kutisha lazima iwemo, ilipotoka muongozaji wake Stanley Kubrick aliteuliwa kwenye tuzo za Razzie, zile za kudhihaki, eti muongozaji mbovu wa mwaka. Shawshank Redemption ya 1994 sinema zilikuwa tupu, miaka mingi sasa iko kileleni kwenye orodha ya mtandao wa IMDb wanayoipigia kura watazamaji wenyewe. Ukitaka kumjibu muulize tu, hao tisini na kitu walisema nini? Kama hajasoma hata mmoja basi hana maoni, ana namba.

Parasite ndio ile uliyoiona vizuri ukaikasirikia, na hapo nakupa hongera kwa sababu hasira yako ndio iliyokusudiwa. Muongozaji wake Bong Joon-ho alichukua Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la muvi la Cannes kule Ufaransa, 2019 na Februari 2020 ikawa muvi ya kwanza isiyo ya kiingereza kuchukua Oscar ya picha bora. Lakini weka tuzo pembeni. Muvi yoyote ikianza huwa inakuahidi kitu, dakika kumi za mwanzo inakwambia mi ni vichekesho, mi ni mapenzi, mi ni ya kutisha, na wewe unajikalia mkao wa hiyo. Parasite inakuahidi vichekesho vya familia ya wajanja. Unawashangilia wanavyojipenyeza kwenye ile nyumba mmoja mmoja, unacheka wanavyomng'oa mfanyakazi wa ndani kwa kutumia manyoya ya tunda la pichi ambalo linamdhuru. Ukacheka, si ndio? Yule mama kafukuzwa kazi na wewe umecheka. Halafu usiku wa mvua kengele ya geti inalia, amerudi, na kuanzia kengele ile muvi inaanza kukudai kile kicheko.

Iangalie tena zile ngazi. Wakikimbia kutoka kwa matajiri usiku ule wanashuka, wanashuka tena, wanashuka tena, maji yanashuka nao, mpaka wanafika kwao chini mtaroni wanakuta choo kinarusha maji machafu juu. Kesho yake yule mama tajiri yuko kwenye gari anaisifu ile mvua kwenye simu, imesafisha hewa, siku nzuri ya pati. Na dereva anamsikia. Mtu yeyote wa pwani ambae nyumba yake iko bondeni anaijua hiyo sehemu bila kufundishwa. Kilichokuchefua mwishoni, ile damu kwenye sherehe ya mtoto, imeanza kupikwa hapo, na kwenye ile tabia ya bosi kuziba pua.

Na kwa nini umeipa mbili wakati unakiri ilikuwa tamu? Hilo lina maelezo yake. Mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake walitoa mwaka 1993 jaribio ambalo watu walitia mkono kwenye maji baridi sana dakika moja wakautoa. Mara nyingine wakatia dakika moja hiyo hiyo, halafu wakaongezewa sekunde 30 maji yakiwa yamepata uvuguvugu kidogo tu, bado yanauma. Wakaulizwa mkirudia mnataka lipi, wengi wakachagua lile refu, lenye maumivu mengi zaidi, kwa sababu mwisho wake ulikuwa nafuu. Akili haijumlishi, inakumbuka pale palipokuwa pakali zaidi na pale palipoishia. Muvi yenye mwisho wa kukuudhi inaadhibiwa saa mbili zake zote, na mbovu yenye mwisho wa harusi inasamehewa. Ndio maana nakushauri stetasi usiiandike usiku ule ule, wala asubuhi. Iache siku nzima ipite ukiwa kwenye cherehani, jioni jiulize ni kipande gani kimekuwa kinarudi kichwani. Nina hakika kwa Parasite vitakuwa vingi na sio vyote vya damu.

Sasa tufike kwenye Dangal, na hiyo ndio nasema umeiona kuliko ndugu yako.

Kwanza hiyo habari ya ushamba aifute. Hapo hapo Tanga, kabla baba yake hajazaliwa, watu walikuwa wanavaa vizuri familia nzima wanakwenda sinema kuangalia muvi za kihindi, kihindi hawakijui, maandishi ya kiswahili hakuna, na wanatoka wamelia wanaimba nyimbo. Awaara ya Raj Kapoor ya 1951, yenye baba hakimu na mtoto aliyemkana, waulize wazee wa pwani hii wakuimbie. Watu hao hawakuwa washamba, ndio waliokuwa watu wa mjini.

Pili, tuangalie Dangal imekuliza vipi, maana haikukuliza kwa bahati mbaya, imejengwa ikulize. Muvi ina dakika 161. Baba, Mahavir, anawaamsha binti zake alfajiri, anawakata nywele, anawapiganisha mieleka na wavulana, na kila wakishinda wewe unangoja aseme kitu. Hasemi. Anatikisa kichwa, anageuka. Muandishi kalichukua neno moja la pongezi akalifungia kabatini. Katikati kuna kile kipande Geeta, binti mkubwa, karudi kutoka chuo cha taifa cha michezo na mbinu mpya anampiga mwereka baba yake, mzee pumzi zimekata, umri umekwenda, na kamera haimsifu binti, inatuonyesha mzee anahema. Kipande kile kinauma kuliko fainali. Halafu fainali yenyewe, michezo ya Jumuiya ya Madola Delhi 2010, baba kafungiwa chumbani hayupo ukumbini, anajua binti yake kashinda pale anaposikia wimbo wa taifa unapigwa kwa mbali. Ndio wanakutana, ndio kabati linafunguliwa, anamwambia neno lile moja la kumsifu. Umengoja saa mbili na nusu kulisikia. Hiyo ya kufungiwa chumbani haikutokea, Geeta Phogat medali alishinda kweli ila kufuli kaliweka muandishi, kwa sababu bila kufuli usingelia.

Mtu ambae baba yake yupo hapo anapata donge kooni anameza linapita. Wewe baba umemzika mwaka jana. Muvi imekupeleka mpaka mlangoni, ndani umeingia mwenyewe, na sidhani ulikuwa unamlilia Geeta peke yake. Msibani mwanamke mwenye kazi anapokea watu, anapika, anahesabu michango, anaambiwa jikaze, kilio chenyewe hakipati nafasi. Kikaipata usiku mbele ya simu ambapo hakuna wa kukuangalia. Mi sioni tatizo hapo, na wala usiiogope hiyo muvi.

Lakini mi ni mtu wa muvi, sio daktari, kwa hiyo nikuulize ambayo hukuniambia. Unalala? Unakula? Ulipoacha kuandika stetasi umeacha na vingine ulivyokuwa unavipenda? Kama macho yamevimba siku moja au mbili ukarudi sawa, achana nayo. Kama kilio kinakuja bila muvi, wiki mbili na zaidi, usingizi umepotea, kazi inakushinda, nguo za watu zinalala, au unawaza kwamba bora na wewe usingekuwepo, hapo usimwandikie mtu kama mimi na wala usisubiri wiki hizo mbili ziishe kwa hilo la mwisho. Nenda hospitali ya mkoa pale Bombo ueleze, uombe kuonana na wa afya ya akili, ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine na unatibika. Na kabla ya hapo mtafute shangazi au rafiki wa baba yako, mtu aliyemjua, ukae nae uso kwa uso mumzungumze marehemu.

Kurudi kwenye kuandika, naomba uendelee. Tatizo la stetasi zako sio maoni, ni kwamba unahukumu bila kutupa ushahidi. "Mbovu, haitishi." Mtu atabishana nini hapo, atakutukana tu. Jaribu hivi: "Jana usiku A Quiet Place, ya DJ, kwenye simu, tuko wawili. DJ kaniua mbavu ila naona kaimaliza muvi, maana kila wakinyamaza yeye anaongea. Kipande cha mama na msumari nilitaka kuogopa nikashindwa. Natafuta isiyo ya DJ niirudie." Umesema umeiona wapi, umetaja kipande kimoja, umesema mwili wako umefanya nini, na umeacha mlango wazi. Ndugu yako akitaka kubisha itabidi na yeye ataje kipande, na hapo ndio tutajua nani ameangalia. Kumi kwa kumi achana nazo kabisa, unawezaje kuipa Dangal na A Quiet Place maksi kwenye mzani mmoja, moja inataka ulie nyingine inataka usipumue. Kila muvi ipime kwa lile inalojaribu kufanya, halafu useme na kama lenyewe lina maana kwako au halina. Za mapigano na za mapenzi ya kifilipino pia hivyo hivyo, sio lazima kila muvi iwe na somo.

Wahakiki wasome ukishaandika, sio kabla. Ukisoma kabla utaona walichokiona wao.

Na kitu cha mwisho ambacho siwezi kukupa kwa maandishi: kaangalie muvi na watu wengi, ukumbini, angalau mara moja. Zanzibar kuna tamasha la muvi la ZIFF tangu 1998, wanaonyesha Ngome Kongwe chini ya anga, ukisikia Vuta N'kuvute inarudishwa pale weka cherehani pembeni upande boti. Na hapa Bagamoyo kwenye chuo chetu cha sanaa, TaSUBa, tamasha lipo kila mwaka, ni ngoma na maigizo zaidi, ila waandishi, waigizaji na wapiga picha wanakuwa wamezagaa tu wanakunywa madafu, unamsogelea yeyote unamuuliza kwa nini pale ulikata kamera ikahamia kule. Ukija njoo na huyo mtoto wa mjomba. Wahini, viti vya katikati vinaisha mapema, na msikae jirani na spika maana watu wetu wa sauti hawana huruma.